Kuchimba Tarakimu: Kasi ya Mashine na Pato Lake huko Kivu

Katika Kiswahili cha Kivu, yambwa ya kitenzi kuchimba aghalabu ilikuwa kitu kitokacho ardhini: dhahabu, koltani, kasiteriti. Mwaka 2020 kitenzi hicho kilipata yambwa mpya, nayo ni Bitcoin. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi pato la uchimbaji huo linavyokadiriwa, na kwa nini kasi ya mashine peke yake haitoshi kulieleza.

Hifadhi ya Virunga, iliyoasisiwa mwaka 1925, ilikuwa ikipoteza watalii: ilifungwa mwaka 2018 kwa sababu ya usalama, kisha mwaka 2020 kwa sababu ya Uviko-19. Wakati huohuo kituo chake cha umeme wa maji cha Luviro, wilayani Lubero, kilikuwa kinakamilika, ilhali nyaya za kuwafikishia wateja umeme huo zilikuwa hazijatandazwa vya kutosha. Mkurugenzi wake, Emmanuel de Merode, alishauriana na Mfaransa Sébastien Gouspillou, na Septemba 2020 mashine zikaanza kazi katika makontena kando ya kituo.

Kazi ya mashine hizo ni kukisia tarakimu mara nyingi mno kwa sekunde, atakayepatia hulipwa. Mwaka 2009 kompyuta ya kawaida ilitosha. Mwaka 2010 zilitumika kadi za michoro, na kuanzia 2013 mashine zilizoundwa kwa kazi hiyo tu. Hata hivyo, kila malipo 2,016 yanapotimia, mtandao huongeza au hupunguza ugumu wa fumbo ili malipo yaendelee kutoka takriban kila dakika 10. Malipo yenyewe yalikuwa Bitcoin 50 mwaka 2009. Yamepunguzwa nusu mwaka 2012, 2016, 2020 na 2024, yakafikia 3.125. Kwa hiyo wachimbaji wote duniani hugawana takriban Bitcoin 450 kwa siku, hata wakiwa na kasi gani.

Mfanyabiashara wa soko la Kituku, ufukoni mwa Ziwa Kivu mjini Goma, hahitaji kufafanuliwa zaidi jambo hili. Wanunuzi wakibaki walewale, mashua kubwa haimpi mwenyewe faida ikiwa wenzake wote wamenunua kubwa vilevile.

Na uchukuliwe mfano. Mashine A ina kasi ya terahashi 100, yaani makisio trilioni 100 kwa sekunde, na hutumia kilowati 3. Mashine B ina terahashi 200 na hutumia kilowati 3.5. Ikiwa kasi ya mtandao mzima ni terahashi milioni 600, na Bitcoin moja ni dola 60,000, A itapata dola 4.50 kwa siku na B dola 9. Lakini A imekula kilowati-saa 72, na B 84. Umeme ukiuzwa senti 5, A inabakiza senti 90 na B dola 4.80. Ukiuzwa senti 10, A inapata hasara ya dola 2.70, na B inabakiza senti 60 tu, kabla ya kuhesabu bei ya mashine yenyewe.

Kipimo kilicho bora, basi, ni pato kwa kila kilowati-saa: A senti 6.25, B senti 10.7. Nacho hakitulii, kwani Bitcoin iliyofika karibu dola 69,000 Novemba 2021 ilikuwa karibu dola 16,000 mwaka mmoja baadaye.

Hapo ndipo ulipo uzito wa suala la Luviro. Umeme wa mto usio na mnunuzi hupotea na maji. Kuugeuza tarakimu ni afadhali kuliko kuuacha upite. Lakini siku waya unapomfikia mwenye kinu cha mahindi aliye tayari kulipa zaidi ya senti 6.25, mashine A haina haki tena ya kuwashwa. Uchimbaji huu una faida ya kweli pale tu unaposubiri waya, wala si pale unapochukua nafasi yake.