Umri wa Kompresa za Majokofu ya Biashara, 1877–2016: Historia ya Mtambo, Fundi na Lugha

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya umri wa kompresa katika majokofu ya biashara, kuanzia mitambo ya amonia ya karne ya 19 hadi mabadiliko ya gesi yaliyofuata Itifaki ya Montreal. Hoja kuu ni kwamba, pamoja na ubora wa mashine yenyewe, umri wa kompresa umetegemea mfumo inamofungwa na uwezo wa watu kuziona, kuzitaja na kuziripoti dalili zake. Makala yanapendekeza kwamba istilahi za ufundi wa majokofu zihesabiwe kuwa sehemu ya sera ya ubaridi katika Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Friza ya duka inapoacha kugandisha, jibu ambalo mwenye duka hulisikia mara nyingi ni fupi: "kompresa imekufa". Jibu hili linaeleweka, lakini hufunga uchunguzi kabla haujaanza. Kompresa iliyoungua koili, iliyokwama beringi kwa kukosa mafuta na iliyovunjika vali kwa kumeza kimiminika, zote husemwa zimekufa. Nyingine hununuliwa, hufungwa katika mfumo uleule wenye kasoro ileile, nayo hufuata njia ya mwenzake.

Kompresa huvuta gesi yenye shinikizo dogo kutoka sehemu inayopoza, huikandamiza, kisha huisukuma ikiwa ya moto hadi kwenye kondensa ili itoe joto nje. Makadirio yaliyozoeleka katika sekta hii ni kwamba kompresa ya biashara iliyofungwa na kutunzwa vizuri hudumu miaka 10 hadi 15, na mitambo mikubwa ya viwandani inayofunguliwa na kukarabatiwa kwa ratiba hupita miaka 20. Hata hivyo, zipo kompresa mpya zisizomaliza mwaka. Pengo hilo haliwezi kuelezwa kwa kuitazama mashine peke yake.

2.0 Mashine Iliyo Wazi

Jacob Perkins alipata hataza ya mashine ya ubaridi wa mkandamizo huko Uingereza mwaka 1834, na James Harrison akaendeleza kazi hiyo Australia katika miaka ya 1850. Aliyeufanya mtambo huo utegemewe na wenye viwanda ni Carl von Linde, mhandisi wa Munich. Mwaka 1877 mashine yake ya amonia ilianza kazi katika kiwanda cha bia cha Dreher mjini Trieste, wakati huo ukiwa ndani ya himaya ya Austria na Hungaria. Ilifanya kazi hadi mwaka 1908, yaani miaka 31, kisha ikahifadhiwa katika jumba la makumbusho ya teknolojia mjini Vienna.

Kompresa za kizazi hicho zilizunguka polepole, zikiendeshwa na injini iliyokuwa nje. Ekseli ilitokeza kupitia ukuta wa kompresa, na penye tundu hilo amonia ilivuja mara kwa mara. Uvujaji huo ulikuwa kero, lakini ulijitangaza kwa harufu kali. Mhudumu aliongeza mafuta, alibadilisha vizibo, alisaga vali na kusikiliza mlio wa pistoni. Kila sehemu iliyochakaa iliweza kutolewa na kurudishwa. Kwa hiyo, tunaposema mtambo wa aina hii uliishi miaka 31, tunautaja umri wa mashine pamoja na wahudumu wake.

3.0 Mashine Iliyofungwa

Mageuzi makubwa yalikuja pale mota na kompresa zilipowekwa ndani ya chombo kimoja cha chuma kisichofunguka. Mwaka 1927 kampuni ya General Electric ya Marekani ilitoa jokofu la nyumbani lililojulikana kama Monitor Top, lenye mtambo wa aina hiyo. Gesi yake ilikuwa dioksidi ya salfa, ambayo ni sumu na ambayo ikikutana na maji huzaa asidi. Kwa sababu hiyo kiwanda kililazimika kukausha kila sehemu kabla ya kuifunga. Baadhi ya majokofu hayo yangali yanafanya kazi baada ya miongo mingi. Gesi hatari ililazimisha usafi, na usafi ukarefusha umri.

Miaka ya 1930 ilileta gesi ya R-12, isiyo na harufu, isiyowaka na iliyopatana na mafuta ya madini. Gesi hiyo ilisamehe makosa mengi ya mafundi, na mtambo uliofungwa ukaenea hadi kwenye maduka, mabucha na baa. Hata hivyo, mabadiliko hayo yalikuwa na gharama mbili. Kwanza, uvujaji haukujitangaza tena. Pili, katika kompresa nyingi zilizofungwa, gesi baridi inayorudi ndiyo inayoipoza mota. Gesi ikipungua, mota hupata joto. Kanuni inayotumiwa na wahandisi wa umeme inakadiria kwamba umri wa kihami cha koili hupungua kwa nusu kwa kila nyongeza ya nyuzi 10 za Selsiasi. Anayejaza gesi kila baada ya miezi michache bila kuziba tundu anaiacha mota iungue taratibu katikati ya kila ujazaji.

4.0 Ripoti Isiyopanda Ngazi

Katikati ya miaka ya 1980, kampuni hiyohiyo ya General Electric ilibuni kompresa mpya ya mzunguko kwa ajili ya majokofu ya nyumbani na kuanza kuiuza mwaka 1986. Baadhi ya sehemu zake zilitengenezwa kwa unga wa chuma uliogandamizwa, ili kupunguza gharama. Umri wake ulikisiwa kwa majaribio ya kuharakisha, yanayokusudiwa kuiga matumizi ya miaka mingi kwa muda mfupi. Majaribio hayo yalionekana kufaulu, kwa kuwa mashine hazikusimama.

Hata hivyo, kama gazeti la The Wall Street Journal lilivyoeleza baadaye, fundi aliyezifungua baada ya majaribio aliona koili zilizobadilika rangi na dalili nyingine za joto kupita kiasi. Aliwaeleza wakubwa wake, lakini habari hiyo haikuwafikia watoa maamuzi. Kompresa zilianza kuharibika majumbani. Mwaka 1988 kampuni ilitenga takriban dola milioni 450 kwa ajili ya hasara hiyo, na kompresa zaidi ya milioni moja zikabadilishwa.

Kisa hiki kinahusu majokofu ya nyumbani, lakini funzo lake ni la sekta nzima. Takwimu ya umri ilihesabu mashine zilizosimama na zisizosimama, wakati ushahidi wenyewe ulikuwa katika rangi ya waya. Aliyeuona alikuwa na macho na maneno, ila hakuwa na njia ya kuyapandisha.

5.0 Gesi Mpya, Mafuta Mapya, Umeme Uleule

Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 iliiondoa R-12 kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni. Iliyochukua nafasi yake katika majokofu mengi, R-134a, haipatani na mafuta ya madini, hivyo kompresa zikahamia kwenye mafuta ya polyolesta. Mafuta haya hufyonza unyevu wa hewa upesi, na yakishikana na maji kwenye joto huzaa asidi inayokula kihami cha koili. Mfumo ukiachwa wazi kwa muda mrefu, au ukijazwa gesi bila kunyonywa hewa kwa pampu, kompresa mpya huanza safari na sumu tumboni. Tabia ambayo R-12 iliisamehe kwa miaka 50 ikawa kosa la kuua.

Mabadiliko hayajaisha. Oktoba 2016 nchi wanachama wa Itifaki zilikutana Kigali na kukubaliana kupunguza gesi za kundi la R-134a kwa sababu ya mchango wake katika kuongezeka kwa joto duniani. Baadhi ya mbadala, kama vile propani ya R-290, huwaka moto, na hivyo zinadai fundi makini zaidi.

Katika ukanda wetu lipo pia suala la umeme. Mota inapowaka huvuta mkondo unaoweza kufikia mara tano au sita ya ule wa kawaida. Umeme unapokatika na kurudi papo hapo, kompresa hulazimika kuanza huku shinikizo halijasawazika. Kwa mitambo ya fezi tatu, wahandisi hukadiria kwamba fezi zikitofautiana kwa asilimia 3 tu, ongezeko la joto la mota hupanda kwa takriban asilimia 18. Kondensa iliyojaa vumbi na mafuta ya jikoni huongeza shinikizo na joto juu ya hayo yote. Kifaa cha kuchelewesha uwashaji na brashi ya kusafishia ni rahisi mno kuliko kompresa, lakini ni nadra kuviona katika orodha za ununuzi.

6.0 Neno "Kufa" na Sera

Viwanda vya minofu ya sangara vya Mwanza, Kisumu na Jinja, maghala ya chanjo na vituo vya kukusanyia maziwa hutegemea kompresa. Zinaposimama, hasara humfikia mvuvi na mtoto kabla ya kumfikia mhasibu. Mafundi wanaozihudumia hufundishwa kwa vitabu vya Kiingereza au Kifaransa na hufanya kazi kwa Kiswahili na lugha nyingine za nyumbani. Katika kuvuka huko, msamiati wa chanzo hupotea na hubaki msamiati wa matokeo: "imekufa", "haina gesi", "jaza gesi".

Kiswahili hakina upungufu wa vitenzi. Kuungua, kukwama, kuvuja, kusagika, kumeza na kukaukiwa vinatosha kutofautisha vifo vikuu vya kompresa. Kinachokosekana ni fomu inayomtaka fundi avitumie. Mapendekezo ni matatu. Kwanza, taasisi za umma zisiidhinishe ununuzi wa kompresa mbadala bila taarifa fupi ya Kiswahili inayotaja chanzo cha kuharibika kwa ile ya kwanza na marekebisho yaliyofanywa katika mfumo. Pili, mabaraza ya Kiswahili yaandae istilahi pamoja na mafundi, yakianzia na maneno wanayoyatumia tayari. Tatu, kituo cha umahiri wa ubaridi endelevu kilichoanzishwa Kigali kwa ushirikiano wa Rwanda, Uingereza na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa kihimizwe kutoa sehemu ya mafunzo yake kwa Kiswahili.

7.0 Hitimisho

Mashine ya Trieste ilidumu miaka 31 katika zama ambazo mhudumu aliweza kuona na kunusa kasoro. Mashine iliyofungwa ilizificha dalili hizo ndani ya chuma, na mabadiliko ya gesi yakapunguza nafasi ya kukosea. Kwa sasa dalili hubaki katika rangi ya mafuta, katika joto la bomba na katika kipimo cha umeme, na hulazimika kusomwa, kutajwa na kuandikwa. Sera inayonunua kompresa bila kugharimia usomaji huo itaendelea kuzinunua.