Kiwambo cha mji wa mimba

Kiwambo cha mji wa mimba ni pazia la nyama lishukalo toka kilele cha tumbo la uzazi, ambalo asili yake ni mifereji miwili ya kijusi iliyoungana bila ukuta uliokuwa baina yake kuyeyuka, nalo huhusishwa na kuharibika kwa mimba. Zamani, ili kukiondoa, tabibu alilazimika kupasua tumbo. Siku hizi hupitisha darubini nyembamba ukeni, akakikata kiwambo kwa mkasi mdogo hadi matundu ya mirija yote miwili ya uzazi yaonekane kwa pamoja. Walakini, utafiti wa wanawake 80 uliochapishwa mwaka 2021 haukuthibitisha kwamba tiba hiyo huzidisha uzazi wa watoto hai, habari ambayo ni haki ya kila mgonjwa kuelezwa kabla ya kuridhia. Mji wa mimba wenye pembe mbili, ambao ni kasoro tofauti, haukatwi hivyo, kwani ungetoboka.