Kimya Kipya cha Delta ya Rufiji

Anayetaka kutembea kwa miguu katika delta ya Rufiji hana budi kuujua mwezi kwanza. Siku za bamvua maji hupwa mbali, kingo za matope hujitokeza, na mtu huweza kupita kando ya mikoko kwa saa kadhaa kabla bahari haijarudi. Pande zote ni mizizi iliyoinuka juu ya tope, kaa wanaokimbilia mashimoni, na utulivu ambao mkazi wa Dar es Salaam huusahau. Ni rahisi hapo kudhani umefika mahali ambapo historia haikupita. Nashikilia kinyume chake. Kimya cha Rufiji ni kipya, ni kichanga kuliko redio. Kwa karne nyingi mikoko ya mwambao huu ilikuwa ghala la miti ya kujengea miji, mingine ng'ambo ya bahari, na kilichoinyamazisha delta kilitokea mbali nayo.

Ushahidi wa kwanza haumo kinamasini bali umo darini. Katika karne ya 10 mwanajiografia al-Istakhri aliandika kwamba nyumba za ghorofa za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa misaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanji, yaani mwambao huu. Ingia katika nyumba kongwe ya mawe ya Lamu au ya Unguja utaona jambo lilelile kwa macho: chumba kinaweza kuwa kirefu apendavyo mwenye nyumba, lakini upana wake hauzidi sana mita 3, kwa kuwa boriti za mkoko zinazobeba sakafu ya juu haziwezi kuvuka zaidi ya hapo. Nyumba za zamani za Oman, Bahrain na Kuwait zina vyumba vyembamba vivyo hivyo, katika nchi ambazo karibu hazina mti wa kujengea. Msanifu wa vyumba hivyo, tunaweza kusema, alikuwa mkoko. Mchwa hauuwezi kwa urahisi, na biashara yake ilikuwa na vipimo vyake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa, kila kimoja kwa unene wake na kazi yake. Mwaka 1939 baharia na mwandishi Alan Villiers, akisafiri ndani ya chombo cha Wakuwait, alishuhudia mabaharia wakihangaika katika tope na mbu wa delta hii wakipakia boriti za kupeleka Ghuba. Hakukuwa na kimya siku hizo: palikuwa na mashoka, nyimbo za kazi, na manahodha waliokuwa wakibishana bei.

Atauliza mtu: kama pwani hii ilishughulika kiasi hicho, magofu ya delta yako wapi? Kilwa ina msikiti wake mkuu na Husuni Kubwa, na Gede ina kuta zake, lakini Rufiji haina cha kuonyesha cha namna hiyo. Swali hili linapima ustaarabu kwa mawe, na kipimo hicho hakifai hapa. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliieleza kuwa mji wa kupendeza uliojengwa kwa miti. Nyumba alizozisifu hazikubaki, na lau tungetegemea magofu peke yake tusingezijua. Katika delta hali ni ngumu zaidi, maana mto wenyewe huhama. Katika miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji yake ilielekea matawi ya kaskazini, mashamba mengine yakapata maji matamu na mengine yakabaki na chumvi. Kijiji cha miti na makuti katika ardhi kama hiyo hakiachi ukuta. Huacha vigae na shanga. Ndiyo maana uchimbaji wa mwanaakiolojia Felix Chami katika bonde la Rufiji una uzito: alipata dalili za wakulima na wafua chuma wa kale, pamoja na shanga za kioo alizozihusisha na biashara ya zama za Warumi. Wengine huutafuta hapa mji wa Rhapta, unaotajwa na mwongozo wa mabaharia wa Kiyunani wa karne ya 1 kuwa soko la pembe za ndovu na magamba ya kasa, lenye mitumbwi iliyoshonwa kwa kamba. Wapo wanaouweka Pangani au kwingineko, nami sioni haja ya kuamua. Hata Rhapta ikipelekwa kwingine, shanga zitabaki Rufiji.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Msitu huu una takriban hekta 53,000, mkubwa kuliko kipande kingine chochote cha mikoko Afrika Mashariki. Ungalikatwa kwa karne nyingi, si ungalikwisha? Jibu liko katika namna ya kukata. Mnunuzi wa boriti hataki mti mnene uliozeeka wala uliopinda. Anataka mti mchanga ulionyooka, wenye unene wa sentimita 11 hadi 14 hivi. Mkataji wa shoka, anayebeba mzigo wake begani kupita topeni na kungoja maji yajae ili chombo kielee, hana njia ya kufyeka msitu mzima. Mkoko nao hauchipui vizuri kutoka kisikini. Huendelea kwa miche inayoota ingali juu ya mti mama na kuanguka topeni tayari kusimama, hivyo palipobaki miti mikubwa mbegu hazikukosekana. Kwa hiyo wingi wa miti hauthibitishi kwamba mikono haikufika. Madhara makubwa zaidi yalikuja na watu wenye mizani nyingine: utawala wa Kijerumani, ulioutangaza msitu huu kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1898, ulikuwa pia na hamu ya maganda ya mikoko kwa viwanda vya ngozi vya Ulaya, na kuubandua mti maganda ni kuuua. (Wageni wengi hukumbuka zaidi manowari Königsberg, iliyojificha hapa mwaka 1914 na kuangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Haikukaa hata mwaka mmoja, ikawaachia Waingereza hadithi na delta chuma chakavu.)

Basi nini kilileta utulivu? Mafuta, kwa sehemu kubwa. Kuwait ilianza kuuza mafuta nje mwaka 1946, na fedha zake zikaleta nondo na saruji. Dari haikuhitaji tena mti wa Rufiji, na chumba kikapanuka. Mahitaji yalipokwisha kufifia ndipo sheria zilipokaza: Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982, Tanzania ikapata mpango wa taifa wa kusimamia mikoko mwaka 1991, na mwaka 2004 Rufiji, Mafia na Kilwa zikaingizwa pamoja katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Sina ugomvi na hifadhi. Miti hii hulinda mazalia ya kamba na kuvunja nguvu ya mawimbi, na hizo ni sababu tosha. Nina ugomvi na picha inayoambatana nayo, ya pori safi lililovamiwa juzi na wakulima wa mpunga. Mpunga wa Rufiji ulikuwa ukilisha Unguja katika karne ya 19, kabla ya mpaka wowote wa hifadhi kuchorwa, na madungu ya walinzi wa mashamba ni sehemu ya delta kama ilivyo mizizi ya mkoko. Mkulima wa kaskazini mwa delta anapoambiwa shamba lake ni eneo la msitu, anayemwambia hivyo anatumia mpaka wa 1898 katika ardhi ambayo mto umekwisha kuihamisha tangu wakati huo, na itambidi aeleze kwa nini mstari wa Wajerumani uwe na nguvu kuliko mavuno yaliyoutangulia.