Theluji Yao, Kaskazi Yetu

Ukimwuliza mtoto wa Likoni theluji ni nini, atakufungulia friji. Sisi hapa barafu tunaijua ya kwenye juisi ya ukwaju, basi. Lakini historia ya huku ng'ambo, tangu feri mpaka Diani, imefungamana na theluji ya Ulaya kuliko tunavyodhani. Mtu akikaa zake Munich au Zurich akiamua likizo ya baridi aende wapi na alale wapi, uamuzi wake unafika mpaka jikoni kwetu. Umefika huko miaka na miaka, na hatukuwahi kuulizwa.

Kwanza jua hili: kwenda mlimani kwa raha wakati wa baridi ni jambo jipya hata kwa Wazungu wenyewe. Zamani wageni wa Uswisi walikuwa wa kiangazi. Baridi ikiingia, hoteli zinafungwa. Inasimuliwa kwamba mwaka 1864 mwenye hoteli mmoja wa St. Moritz, Johannes Badrutt, aliwaambia wageni wake Waingereza: rudini Desemba, msipoliona jua nauli yenu juu yangu. Wakarudi, wakakaa mpaka karibu na masika. Mwaka 1892 Mwingereza Henry Lunn akaanza kupeleka vikundi Grindelwald, na baadaye akawa mfanyabiashara mkubwa wa likizo za milimani. Halafu 1950 Vladimir Raitz akakodi ndege nzima kupeleka watu kisiwa cha Corsica: nauli, hema na chakula, vyote kwa pauni 32 na shilingi 10. Hapo ndipo pakeji ya ndege ya kukodi ilipoanza kushika. Mtu analipa mara moja, kwao, kabla hajafunga begi.

Pakeji hiyo ndiyo iliyotufikia sisi. Kuanzia miaka ya 1960 ndege za kukodi zikaanza kutua Mombasa. Waswisi, watu wa nchi yenye milima ya theluji kuliko wengi, wakaleta African Safari Club na hoteli zake pwani ya kaskazini. Wajerumani wakawa na Robinson Baobab yao Diani. Katalogi za likizo za baridi zikawa na kurasa za milima na kurasa za bahari. Familia inakaa mezani, inafungua, inapima: wiki ya kuteleza kwa skii, au wiki mbili za mchanga mweupe?

Na tazama kalenda. Msimu wa skii ni Desemba mpaka Machi. Huo ndio msimu wa kaskazi huku kwetu, bahari shwari na jua kali. Upepo huohuo ndio ulioleta majahazi ya Waarabu na Wahindi karne kwa karne. Ila kuna tofauti. Mgeni wa jahazi alikaa miezi akisubiri kusi imrudishe. Alilala kwa mtu, akala kwa mtu, akaoa pengine. Mwenyeji alijua jina lake na deni lake. Mgeni wa pakeji amelipia kitanda na chakula Ulaya, na sehemu nzuri ya hizo doo haikupanda ndege kuja naye.

Sasa, kutoka uwanja wa ndege kwenda Diani ilikuwa lazima upite kwetu. Feri ya Likoni inavusha watu tangu 1937, na leo inasemekana ni zaidi ya laki tatu kwa siku. Kizazi chetu kimewajua watalii kupitia vioo vya basi: basi limepanda feri, pazia limesogezwa kidogo, mkono umepunga. Sisi tumesimama kando, tumebanana na mikokoteni ya maji. Likoni ilikuwa na ufuo wake, Shelly Beach, na wageni wake. Lakini hatukuwa ukurasa mkubwa wa katalogi. Tulikuwa njia.

Kuwa njia si bure, lakini. Baba wa jirani alikuwa mpishi Diani, mama wa pili alifua mashuka, kijana alichonga twiga wa mpingo, mwingine aliuza madafu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tulipona kidogo kidogo.

Halafu ikaja Agosti 1997. Usiku wa tarehe 13 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa, silaha zikachukuliwa. Vurugu zikasambaa. Watu wa bara waliochomewa nyumba walikimbilia kanisa Katoliki la Likoni, maelfu kwa maelfu. Zaidi ya watu 100 walikufa pwani, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu. Wazee wetu hawapendi kuyazungumza, na ukiuliza utaambiwa, "Wacha, mwanangu."

Huko Ulaya watu walikuwa wanapanga likizo ya Desemba. Fikiria mtu anayefungua katalogi na jana yake ameiona Likoni kwenye taarifa ya habari. Hakuwa na ubaya na sisi. Aligeuza ukurasa tu. Akaenda mlimani, au Karibiani, au akabaki nyumbani. Hoteli zikafunga milango, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, mvua za El Niño zikamalizia barabara. Aliyegeuza ukurasa hakupoteza kitu. Yule mpishi alipoteza kazi na karo ya watoto.

Kwenye msimu huohuo, Februari 1998, Mkenya akaenda theluji. Philip Boit, mkimbiaji wa Bonde la Ufa aliyefunzwa skii Finland kwa pesa za kampuni ya Nike, alishiriki kilomita 10 kule Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho. Bingwa, Mnorwe Bjørn Dæhlie, alimsubiri kwenye mstari akamkumbatia, na Boit baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie. Dunia ikafurahi kumwona Mkenya thelujini, kitu cha ajabu cha kutazamwa. Mwaka 2018 akaja mwingine, safari hii mtoto wa pwani kabisa: Sabrina Wanjiku Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, akateremka milima ya Pyeongchang akiwa amevaa rangi zetu. Yeye alifika thelujini kwa sababu familia yake ilihamia huko. Si kwamba alikaa Kilifi akachagua.

Maana mwenzangu, tujaribu kuchagua sisi. Tuseme wewe na marafiki zako watatu mmechanga, mnataka kuteleza kwa skii. Wenyewe huanza na swali la kitanda kiko umbali gani na kamba za kupandia mlimani. Karibu ni ghali, bondeni ni nafuu lakini utapanda basi kila asubuhi. Wewe swali lako la kwanza ni pasipoti. Viza ya Ulaya ni yuro 90 tangu 2024, ukinyimwa hurudishiwi, na utaonyesha hoteli uliyoweka nafasi kabla hujajua kama utaenda. Dubai kuna mteremko wa theluji ndani ya jengo la maduka tangu 2005, na vijana wetu wengi wanaofanya kazi huko ndipo walipoigusa mara ya kwanza. Lesotho kuna Afriski, juu ya mita 3,000, na msimu wake ni Juni mpaka Agosti, wakati huku kwetu ni kusi. Barafu ya Mlima Kenya usiitegemee, sehemu kubwa imeshayeyuka.

Na ukifika huko bondeni, angalia nani anaishi. Utakuta wapishi, wasafisha vyumba, madereva, watu wanaofanya kazi mlimani lakini kodi ya mlimani hawaiwezi. Hiyo ni Likoni yenye baridi. Utawatambua hata usipoijua lugha yao.

Nalisema hili sasa kwa sababu kwetu mambo yanageuka tena. Barabara ya Dongo Kundu imekamilika, na tangu 2024 basi la watalii linaweza kutoka uwanja wa ndege likaenda Diani bila kuiona feri wala sisi. Hata ile njia tumeacha kuwa. Wengine wanasema afadhali, foleni itapungua. Sawa. Lakini muuza madafu wa feri ana haki ya kuuliza nani alikaa mezani wakati ukurasa huu ulipogeuzwa.

Sisi tunaopanga safari kwa simu leo, iwe Lesotho, Dubai au Lamu, tuna nafasi ambayo wazazi wetu hawakuipata. Kabla hujalipia chumba, uliza mwenye nyumba ni nani, anayepika analala wapi, na hela zako zinabaki wapi. Na nchi hiyo ikiingia kwenye habari mbaya wiki mbili kabla ya safari, piga simu kwanza uwaulize wenyeji kukoje.