Bolti Iliyokwama

Wengi huamini kwamba chombo huharibika siku kinapogoma. Mimi, niliyemaliza umri wangu wa kazi nikiwafunza walimu, sikubaliani nao. Historia ya bunduki ya kuwindia inayojijaza yenyewe ni ushahidi mzuri.

Mwindaji wa bunduki ya bolti, kama ile Mauser ya Kijerumani ya mwaka 1898, alifanya kazi yote kwa mkono. Akishafyatua, aliivuta bolti nyuma, ganda tupu likaruka. Akaisukuma mbele pamoja na risasi mpya. Ganda likiwa zito kutoka, kiganja kilipata habari papo hapo: chemba ina uchafu, au imeanza kushika kutu.

Mwaka 1900 Mmarekani John Moses Browning alipata hataza ya bunduki iliyofanya kazi hiyo kwa nguvu ya teke lake yenyewe, na kampuni ya Remington ikaanza kuiuza mwaka 1906. Baadaye kampuni hiyo ikageukia gesi ya baruti. Bunduki aina ya 740 ilitoka mwaka 1955, na ya 742 mwaka 1960. Hiyo ya pili iliuzwa kwa zaidi ya milioni moja, hasa kwa wawindaji wa kulungu huko Marekani.

Lakini gesi haina kiganja. Chemba ikichafuka, ganda hung'ang'ania ndani, na gesi huivuta bolti vile vile. Kulabu huchana ukingo wa ganda. Ganda hubaki, na risasi inayofuata hugota nyuma yake. Katika 742, meno ya bolti pia yalizitafuna reli inamoteleza, kidogo kidogo, mwenyewe asijue. Reli hizo zimechongwa katika mwili wa bunduki. Zikilika, hakuna kipuri cha kuzibadilisha.

Bolti ikikwama, mambo ya kwanza ni haya: mtutu uelekezwe mahali salama, kidole kikae mbali na kifyatulio, magazini itolewe. Asiyejua kama ndani mna risasi hai achukulie kuwa imo. Kuigonga bolti kwa nyundo, au kuisukuma risasi kwa fimbo kutoka mdomo wa mtutu, ni kuchezea kifo. Hiyo ni kazi ya fundi wa bunduki. Ikiisha kuwa tupu, ndipo husafishwa chemba, kisha hukaguliwa kulabu na reli.

Simlaumu Browning. Aliupunguzia mkono kazi, na kazi ilipoondoka, habari ikaondoka nayo. Nimeona hivyo hivyo shuleni: mwalimu mkuu anayeletewa taarifa mezani hupumzika, lakini hasikii darasa linapoanza kuwa zito. Kila kinachojiendesha chenyewe kinadai mtu wa kukifungua na kukitazama kingali kizima.