Mwani na Samaki wa Ziwa Kivu

Utelezi wa kijani juu ya mawe haya ya Ibanda, Bukavu, ni mwani. Ukaribie, lakini angalia mguu. Samaki wa asili wa pwani hii, haplokromi, huparura mwani na kuwinda wadudu humo. Jike hutunza mayai kinywani mpaka watoto waweze kuogelea.

Samaki aitwaye sambaza, kipenzi cha sahani za Bukavu, ni mgeni: aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Watoto wake hukulia huku kando.

Kivu lina kina cha hadi mita 485, ila chini ya mita 70 hivi hakuna oksijeni, wala samaki. Kwa hiyo chandarua cha mbu kikiburutwa hapa kando hukomba hata vifaranga vya samaki.