Herufi Zilizokosa Kitufe

Lugha ya Kikuyu ina irabu saba, hali herufi za Kirumi zina irabu tano tu. Hivyo ilibidi itafutwe njia ya kuziandika sauti mbili zilizobaki, na mtindo uliothibiti ni ule wa kuweka wimbi dogo juu ya i na juu ya u: ĩ, ũ. Wakamba, Waembu na Wameru nao huzitumia herufi hizo. Vitabuni hazikuleta taabu kubwa, maana mpiga chapa aliweza kuagiza herufi za risasi za namna aitakayo. Taabu ilianza uandishi ulipoingia katika vitufe.

Mashine ya taipu iliyouzwa na Remington huko Marekani tangu mwaka wa 1874 ilikuwa na herufi kubwa peke yake. Ndogo zilifuata mwaka wa 1878. Kila kitufe kilihitaji mkono wake wa chuma, na mikono ilikuwa na kikomo. Muundaji hakuwa na budi kuchagua: hii iingie, ile ibaki nje. Mashine za Kiingereza ziliziacha nje ĩ na ũ. Karani aliyezitaka alitia wimbi kwa kalamu baada ya kupiga taipu, au aliacha, na kuacha ndiko kulikokuwa rahisi.

Kompyuta ilirithi ufinyu huo. Mwaka wa 1963 Wamarekani walitunga orodha iitwayo ASCII, yenye nafasi 128 tu kwa herufi, tarakimu, vituo na amri za mashine. Mwaka wa 1967 waliongeza humo herufi ndogo, na pamoja nazo wimbi (~). Hapa pana jambo la kuchekesha. Wakati huo kompyuta zilichapa juu ya karatasi, basi mtu aliweza kupiga n, akarudi nyuma hatua moja, akapiga wimbi juu yake. Kisha vikaja vioo. Juu ya kioo herufi mbili hazikai pahali pamoja. Ya pili huifuta ya kwanza. Wimbi likabaki upweke kwenye kibodi, halifai kwa kazi hiyo. Kiswahili kilinusurika, kwa kuwa irabu zake ni tano, na ng' hutosheka na kialama ambacho kila mashine inacho.

Mwaka wa 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta ndogo yenye orodha ya nafasi 256. Mtu alishikilia kitufe cha Alt, akapiga nambari, na alama ikatokea: 164 ilileta ñ ya Kihispania. Orodha hiyo ilikuwa na nafasi ya zile alama nne za karata za kuchezea, lakini haikuwa na nafasi ya ĩ wala ũ.

Walioumia zaidi ni watu na majina yao. Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye riwaya yake Caitaani Mũtharaba-Inĩ ilitoka mwaka wa 1980, ameandikwa Ngugi mara zisizohesabika. Yuko atakayesema kwamba hapana dhara, maadamu msomaji ameelewa. Mimi siafiki. ũ si u iliyovikwa pambo; ni irabu nyingine kabisa, iliyo karibu na o ya Kiswahili. Aiondoaye amebadili herufi, kama vile mtu angemwandika Otieno kuwa Atieno.

Mlango ulifunguliwa mwaka wa 1991, ilipotolewa orodha ya Unicode, iliyokusudia kuipa kila herufi ya dunia nambari yake. ĩ ilipewa 0129, na ũ 0169. Katika programu ya Word ya Windows, andika 0169, kisha shikilia Alt na ubonyeze X: ũ itatokea. Lakini angalia! Ukishikilia Alt kwanza na kupiga 0169 kwenye vitufe vya tarakimu vilivyo pembeni, utapata ©, alama ya hakimiliki, kwa sababu njia hiyo hufuata orodha nyingine, tena huhesabu kwa kumi, hali Unicode huandikwa kwa hesabu ya kumi na sita.

Kwa hiyo nambari zimepatikana, ila kitufe bado: kibodi nyingi zinazouzwa Kenya ni za mpangilio wa Kiingereza. Kwa njia hii ya Alt na X, irabu moja hutaka mabonyezo sita. Jina Gĩkũyũ, lenye herufi sita, hutaka ishirini na moja, bila kuhesabu kitufe cha herufi kubwa.